Kidole cha Fundi Iwao

Mabakuli saba meusi yalikaa mlangoni kwa akina Togashi Jumatatu ile asubuhi, yameoshwa, yamefutwa, yamepangwa moja ndani ya jingine na kufunikwa taulo kwa sababu ya manyunyu. Sanae, mama wa nyumba, aliyatoa mwenyewe saa mbili kamili. Angeyaacha jikoni hadi saa nne tu, mtaa wetu ungekosa la kusema wiki nzima, na baba mkwe wake angekula chakula chake cha mchana kama kawaida. Lakini hapa Yamagata mwanamke mwenye haya zake hakai na bakuli la watu ndani. Unaagiza rameni, unakula tambi na supu yake, unaosha bakuli, unalitoa nje, mwenyewe anapita kulichukua.

Shida ni kwamba aliyepita hakuwa mwenyewe.

Aliyepita ni Iwao, mzee wa miaka sabini na mbili, mwenye duka la rameni la viti tisa pale jirani na kinyozi. Kila Jumatatu huzunguka na pikipiki yake, sanduku la bati nyuma, akikusanya mabakuli ya Jumapili. Jumapili nyumba nyingine hupelekewa na yeye, nyingine na mkewe Toyo kwa kile kigari chao, na jioni hakuna anayekumbuka nani alikwenda wapi. Alipoona rundo mlangoni kwa Togashi hakujiuliza kitu. Kwa miaka thelathini na moja, bakuli lolote lililokaa pale nje lilikuwa lake. Mkono ulichukua, taulo na yote, miwani imejaa maji ya mvua, na pikipiki ikaenda zake.

Toyo ndiye aliyefunua taulo kwenye sinki. Aligeuza bakuli la kwanza, akasoma jina lililoandikwa chini, akageuza la pili kana kwamba labda la kwanza lilikosea.

"Mzee," akasema, "haya si yetu."

Yalikuwa ya Daigo, yule kijana aliyerudi kutoka Tokyo na kufungua duka jipya la rameni upande wa pili wa barabara mwezi wa nne, taa za manjano, muziki wa taratibu, mabakuli meusi mazito kama ya hotelini.

*

Tusimuonee Sanae. Jumapili ile alikuwa na vita yake.

Binti yake Honoka alikuwa analeta mchumba wake na wazazi wa mchumba huyo kutoka Tokyo, kwa mara ya kwanza. Mgeni wa heshima kwetu haandaliwi samaki wa harusi. Anaagiziwa rameni, tena kutoka duka la mtaani, na anayeona ni jambo la ajabu basi huyo ndiye mgeni kweli. Hilo Sanae hakulionea aibu. Alichokionea aibu ni kidole.

Iwao haamini tambi ziogelee njiani. Huleta mabakuli na tambi zake na nyama zake, na supu kwenye birika kubwa peke yake, halafu anamimina hapo hapo kizingitini na kukukabidhi bakuli mkononi. Na kila analokukabidhi, dole gumba lake la kulia limo ndani ya supu. Si kugusa ukingo. Limo ndani, limetulia, kama mtu aliyeingia kuoga maji ya moto. Sanae alikiona kidole hicho kwa miaka ishirini na sita ya ndoa yake, akazoea. Lakini alipomfikiria mama mkwe wa Honoka, mwanamke wa Tokyo aliyetuma kadi ya shukrani kabla hata ya kufika, akikipokea kile kidole kwenye bakuli lake, usingizi ulimwisha.

Ndipo akajifungia chooni na simu, akafungua bomba ili asisikike, akampigia Daigo. Aliagiza mabakuli saba. Na kwa kuwa alikuwa na wasiwasi na wasiwasi una mdomo, aliongeza kwamba kwa Iwao chakula ni kizuri, sana, ila kile kidole kwenye supu, wageni hawatakielewa.

Jumapili mchana mabakuli meusi yakashuka mezani. Wageni walisifia. Mumewe Mitsuo, mtu ambaye hajawahi kupingana na mtu yeyote hata na yule mwizi wa baiskeli yake, alisifia zaidi ya wageni. Babu Kisaburo, baba yake Mitsuo, miaka themanini na moja, alilitazama bakuli lake kwa muda mrefu. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye sikio moja bovu:

"Iwao amekufa?"

Honoka alikohoa. Mama wa Tokyo akaanza kutoa pole.

*

Turudi Jumatatu. Mtu mwingine angempigia simu Daigo aje achukue vitu vyake. Iwao aliyaosha mabakuli saba upya, ingawa yalishaoshwa, akayafuta, akayapanga kwenye sanduku la bati, na akatoka kwa miguu. Pikipiki aliiacha. Mwavuli hakuubeba, mikono ilikuwa imejaa. Kutoka kwake hadi kwa Daigo ni kuvuka barabara, lakini Iwao alipita kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, kule mbali karibu na posta, kama raia mwema. Kinyozi alitoa kichwa mlangoni akamuuliza kama kuna mtu kaagiza chakula asubuhi yote hii. Iwao akajibu kwa adabu kwamba hapana, anarudisha tu mabakuli waliyolia chakula akina Togashi. Muuza pombe akauliza. Akajibiwa vilevile. Bibi wa posta hakuuliza, akaambiwa bure.

Daigo aliyapokea akiwa mwekundu hadi shingoni. Iwao akamuuliza, kwa upole kabisa, ni nini hasa akina Togashi walichokipenda kwake, maana mtu hujifunza hadi kaburini. Na Daigo, ambaye ni mzuri wa supu lakini kudanganya hakufunzwa, akajikuta ameeleza habari za kidole.

Iwao alimshukuru, akainama, akarudi kwake akilowa.

Saa tano kamili Babu Kisaburo, ambaye hakuwa amesikia lolote, alisukuma pazia la mlango wa Iwao kama afanyavyo kila siku tangu mkewe afariki. Kiti chake ni cha tatu kutoka ukutani. Desturi yao nayo ni moja. Iwao humuuliza, "Bado hujafa?" Kisaburo hujibu, "Nakusubiri utangulie, nile chakula cha matanga." Halafu bakuli linakuja bila kuagizwa, na wanatukanana hadi saa saba. Kwa mzee yule ndio mazungumzo ya siku nzima, maana nyumbani Mitsuo hutikisa kichwa tu na Honoka yuko kazini.

Siku ile Iwao alisimama wima nyuma ya kaunta, mikono ubavuni, akainama.

"Karibu sana, mheshimiwa mteja. Ungependa kuagiza nini?"

Kisaburo akageuka nyuma kuona ni nani aliyeingia.

Hakukuwa na mtu. Akakaa. Akasema alete ile. Iwao akaomba radhi, akauliza ile ipi, mheshimiwa. Na hapo ndipo ilipomdhihirikia mzee wa watu kwamba hajui jina la chakula anachokula kila siku, wala hajawahi kusoma orodha ya ukutani, wala miwani yake ya kusomea hajaibeba. Alikodoa macho mpaka yakatoka maji. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye karatasi mojawapo. Ililetwa ya pilipili, nyekundu kama rangi ya moto, nayo akaila yote kwa kiburi, jasho likimtiririka, huku wateja wengine wakijifanya wanatazama televisheni. Alilipa. Chenji akarudishiwa kwa mikono miwili. Alisindikizwa mpaka mlangoni na kuinamiwa.

Alifika nyumbani saa sita kasoro, akavua viatu, akamwambia Sanae:

"Ameniita mteja."

Akaenda kulala mchana kweupe.

*

Jumanne hakutoka. Jumatano hakutoka. Saa tano ilipofika alivaa kofia, akakaa nayo kizingitini robo saa, akaivua. Sanae alimpikia uji, akampikia tambi, akamnunulia mkate wa mayai anaoupenda. Babu alikula kama mtu anayelipa kodi. Sanae alipomshauri ajaribu pengine, maana rameni iko kila pembe ya mji huu, mzee alimtazama kwa namna iliyomfanya Sanae atamani angekuwa amemshauri aoe tena.

Ilipofika Alhamisi suruali yake ilihitaji tundu jipya kwenye mkanda. Ndipo Sanae akaacha kujitetea moyoni.

Kwanza walifanya kama watu wastaarabu. Ulikuwa mwezi wa sita, cheri zimeiva, na kwetu cheri ndiyo lugha ya kila kitu, shukrani, pole, nisamehe. Sanae alinunua sanduku la cheri zile kubwa zilizopangwa mstari kama askari, akamvalisha Mitsuo koti, wakaenda kwa Iwao saa tisa duka likiwa limepumzika. Waliinama. Iwao akainama chini zaidi. Sanae akasema wamekosa. Iwao akasema hapana kabisa, wateja wako huru kula popote, duka lake dogo limeshaneemeka mno na upendeleo wao wa miaka yote. Mitsuo, ambaye alipangiwa kusema jambo moja tu la maana, alisema mvua imezidi mwaka huu. Iwao akakubaliana naye.

Jioni Toyo akagonga kwa Togashi na sanduku la cheri, kubwa kuliko lile.

"Ameniambia nilete," alisema Toyo, akiwa hana furaha na kazi hiyo. "Ameniambia nikunyenyekee. Sasa mgongo wangu huu, mama Honoka, utaniwia radhi nikinyenyekea nusu."

Sanae alimuuliza mzee wake amekasirika kiasi gani. Toyo akafikiri. Akasema wangekuwa na bahati kama angekasirika, maana Iwao akikasirika hupiga sufuria na yanaisha. Sasa hivi ana adabu. Hata yeye mkewe kamwambia asante tangu Jumatatu mara sita, na hajui afanye nini.

Usiku huo familia nzima ilikula cheri. Mitsuo akapendekeza warudishe sanduku kubwa zaidi. Honoka akamwambia, "Baba, tukiendelea hivi hadi wiki ijayo tutakuwa tumenunua shamba."

*

Jumamosi saa tano kasoro robo Sanae aliwavalisha wote viatu.

Babu alikataa. Alisema haendi kula kama mtalii. Sanae, ambaye katika miaka ishirini na sita hajawahi kumpandishia baba mkwe sauti, hakumpandishia hata siku hiyo. Alimwambia tu, "Baba, usipokwenda wewe nitakwenda peke yangu, nitakaa kwenye kiti chako." Mzee akaitafuta kofia.

Lazima niseme hapa kwamba Sanae mwenyewe alikuwa hajakaa kwenye duka lile zaidi ya mara mbili. Wake wa mtaani kwetu hula rameni ya Iwao majumbani. Dukani ni kwa wanaume, madereva na wajane. Kwa hiyo alipopita chini ya pazia, mvuke ukampiga usoni, redio inaguna, sakafu inanata kidogo, viti tisa na migongo mitatu, alijiona kama ameingia chumbani kwa mtu.

"Karibuni sana, waheshimiwa wateja," alisema Iwao, na kuinama.

Walikaa wanne kwa mstari: Mitsuo, Honoka, Sanae, halafu Babu kwenye kiti chake cha tatu kutoka ukutani, akiwa ameshika miwani ya kusomea mkononi kama cheti. Sanae aliagiza nne za kawaida. Migongo mitatu ilipunguza kasi ya kutafuna. Habari ilishafika kila mahali, na kinyozi, ambaye alikuwa mmoja wa ile migongo, hakuwa na njaa yoyote. Alikuja kutazama.

Iwao alipika. Alizitikisa tambi maji yakatoka, akamimina supu, akalaza nyama, vitunguu majani, kipande cha keki ya samaki. Mpaka hapo alikuwa Iwao yule yule. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kuliona. Alilibeba bakuli kwa viganja viwili kutoka chini, kama watu wa kwenye picha za hoteli, vidole vyote nje, dole gumba limenyooka juu mbali na supu.

Hapo Sanae akaona. Kwenye mkono wa kulia, kidole cha mwisho na jirani yake havikukunjika. Vilibaki vimenyooka kama vijiti, ngozi ya vifundo inang'aa kovu la zamani. Mashine ya kukata tambi, angeweza kumuuliza mtu yeyote mtaani akamwambia, ila kwa miaka yote hiyo yeye alikuwa anatazama dole gumba. Mkono usiokunjika haulishiki bakuli zito kwa chini. Unalishika kwa kulibana ukingoni, dole gumba ndani, au haulishiki.

Bakuli la Mitsuo lilifika likitetemeka. La Honoka lilimwaga supu kidogo, ikapita kwenye kiganja cha mzee. Viganja vilikuwa vimeshakuwa vyekundu. Sanae akatazama vizuri, akaona wekundu ule si wa leo, ngozi imechubuka. Wiki nzima mtu huyu alikuwa anajichoma, bakuli baada ya bakuli, kwa ajili ya maneno aliyoyasema yeye chooni bomba likiwa wazi. Na supu imewekwa nusu, isifike ukingoni.

Babu naye aliona. "Shika vizuri," akanong'ona.

"Asante kwa ushauri, mheshimiwa mteja," Iwao akajibu, na kuinua bakuli la tatu, la Sanae.

Lilikuja likiyumba juu ya kaunta. Sanae alipaswa kulipokea, kushukuru, kuomba radhi tena. Hotuba ya radhi alikuwa nayo, aliiandaa tangu alfajiri, ina maneno mazuri matatu ya kamusi. Ikampotea yote.

"Fundi," akasema. "Ingiza kidole."

Redio ilisikika vizuri sana.

"Samahani, mheshimiwa?"

"Ingiza kidole kwenye supu, unaungua. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema kwa Daigo, nilijificha chooni nikasema, sikutaka watu wa Tokyo wakione. Haya, nimekuja kusema mbele yako. Kinachukiza. Miaka ishirini na sita kinanichukiza, na supu naimaliza. Sasa kiingize, maana ukiliangusha hilo bakuli nitakuwa nimekuvunjia na mabakuli."

Mitsuo alifumba macho. Honoka alishika mkono wa baba yake. Kwenye sinki, Toyo alifunga bomba.

Iwao alisimama na bakuli hewani, viganja vinaungua, uso wake hauelewi uelekee wapi. Kwa wiki nzima aliombwa radhi na kupewa cheri, na kila radhi aliijibu kwa kuinama. Hii ya kuambiwa kinachukiza hakuwa ameiandalia jibu.

"Kinachukiza," akarudia polepole.

"Sana."

"Miaka ishirini na sita hukusema."

"Nimesema leo."

"Mwanamke huyu," Iwao akasema, akimtazama Kisaburo kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, "hivi ndivyo anavyoongea nyumbani kwako?"

"Nyumbani haongei," Babu akajibu. "Nyumbani ananipa mkate."

Toyo akacheka kwanza, pale pale kwenye sinki, kicheko cha mtu aliyebana pumzi siku sita. Bakuli likashuka mbele ya Sanae kwa kishindo, na lilipokuwa linashuka dole gumba lilishaingia hadi kwenye kifundo. Kinyozi akashusha pumzi, akakumbuka kwamba ana chakula mbele yake.

La nne Iwao alilijaza supu mpaka ukingoni. Alilibana kwa mkono mmoja kama alivyolibana kwa miaka thelathini na moja, akalivusha kaunta bila kumwaga hata tone, akalipigisha mbele ya Kisaburo.

"Kula, wewe maiti. Umekonda, suruali imekuwa pazia. Ukifa wiki hii watasema ni rameni yangu."

"Nakusubiri utangulie," Babu akasema, akainamia bakuli haraka ili mvuke ubebe lawama ya macho yake. Akavuta tambi kwa sauti ambayo hata wenye magari nje waliisikia. Sanae naye akavuta. Hakuwahi kuvuta kwa sauti mbele za watu, aliona ni tabia ya madereva, na alikuta kwamba ndivyo zinavyokuwa tamu zaidi, zinaingia na hewa.

Tambi zikaisha. Babu aliinua bakuli kwa mikono miwili, akanywa supu hadi tone la mwisho, akaliweka chini, akapangusa midomo, akafikiri.

"Haina ladha," akasema.

Iwao akageuka na kijiko kikubwa mkononi. "Nini hakina ladha?"

"Supu. Leo umenawa mikono."

Kinyozi alipaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Iwao alimwambia Kisaburo kwamba amemvumilia vya kutosha, atoke, aende kwa Daigo akale kwenye bakuli la hoteli, na kesho asithubutu kutia mguu pale. Chenji ya Sanae aliitupa juu ya kaunta, sarafu ya yeni kumi ikaviringika hadi kwa Mitsuo, na hakuna aliyemsindikiza mtu mlangoni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mvua ilinyesha kweli kweli. Saa tano kasoro dakika kumi Babu Kisaburo alikuwa amesimama nje ya mlango, pazia la kuashiria duka liko wazi likiwa bado halijatundikwa, mwavuli umemlalia begani, anagonga kioo kwa fimbo. Miwani ya kusomea alikuwa ameiacha nyumbani.